Maji ya kufika vifundoni



Madina ilikuwa na mabonde mawili, Mahzur na Mudhaynib, ambayo maji ya mvua yaliteremka ndani yake na kunywesha mashamba. Wenye mashamba ya juu na wenye mashamba ya chini waligombania maji hayo. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alihukumu wa juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yamwendee wa chini yake.

Hukumu hiyo ni fupi mno, na kwa ufupi wake ni rahisi kuipita. Tunamwomba msomaji asiipite. Wa juu hakuambiwa achukue kidogo, wala hakuambiwa achukue kwa uadilifu kisha akaachiwa mwenyewe kuamua uadilifu ni ndoo ngapi. Alitajiwa kipimo. Tena kipimo hicho kiliwekwa ndani ya shamba, kwenye mguu wa mtu aliyesimama kati ya mimea yake, mahali ambapo yeye na jirani yake wote wawili wangeweza kukitazama.

Tumeikumbuka hukumu hii kwa ajili ya Kalenga. Wengi wanaijua Kalenga kwa ngome ya Mtwa Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na kwa makumbusho linamohifadhiwa fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954. Msafiri atokaye mjini Iringa akifika hapo huuliza njia ya makumbusho, akapiga picha, akaondoka. Mto unaopita karibu yake hauangalii sana. Huo ni Ruaha Ndogo, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Mufindi, ukapita Iringa, ukanywesha mashamba ya Kalenga na jirani zake wa Kiwere, kisha ukateremka hadi tambarare yenye joto ya Pawaga kabla ya kuungana na Ruaha Mkuu juu ya bwawa la Mtera. Wa juu wanalima nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma. Wa chini wanalima mpunga. Skimu ya Kiwere ina hekta zisizofika 200. Ile ya Magozi, huko Pawaga, ina zaidi ya 900. Mto ni mmoja. Anachokifanya mtu wa Kiwere usiku wa Septemba, mtu wa Magozi hukiona baadaye katika mfereji wake, au hukikosa.

Sasa tuulize: mkulima wa kingo hizi hupima nini? Aghalabu hupima saa. Ana zamu yake, na zamu ikifika huyafungulia maji, na maji yakiisha kufunguliwa huachwa yaende mpaka zamu ya mwenzake. Zamu ikiangukia usiku, mzee hutuma kijana, kijana hulala kando ya tuta, na alfajiri maji bado yanakwenda. Hatumlaumu kijana. Hajui lini yatosheke, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Anachojua ni kwamba zamu ijayo huenda isifike, na kwa hofu hiyo hujaza shamba kama mtu anayejaza pipa la akiba. Lakini udongo hauhifadhi maji jinsi pipa linavyohifadhi.

Tufanye hesabu, kwani katika jambo hili hesabu ndiyo hoja yenyewe, nayo haihitaji shahada ya uhandisi. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya kwa daftari, futikamba na saa. Chagua mahali ambapo mfereji umenyooka, pima mita 10, tupa gunzi la mahindi juu ya maji na uhesabu sekunde. Tuseme gunzi limechukua sekunde 20. Hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi chukua sehemu nane katika kumi, ubakiwe na sentimita 40 kwa sekunde. Mfereji una upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 20. Ukizidisha, utapata lita 40 kila sekunde, yaani lita 144,000 kwa saa moja. Kwa pipa la lita 200 tulilolizoea, hayo ni mapipa 720.

Upande wa pili wa mizani ni mmea. Wanaopima mvua huhesabu kwa milimita, na milimita moja iliyotandazwa juu ya ekari moja ni karibu lita 4,000, yaani mapipa 20. Nyanya iliyokwisha kukua, katika jua la kiangazi, hutumia takriban milimita 5 kwa siku. Hayo ni mapipa 100 kwa ekari. Kwa siku saba ni mapipa 700. Kwa maneno mengine, mfereji ule wa lita 40 ukifunguliwa kwa saa moja tu huwa umeipa ekari ile chakula cha maji cha wiki nzima.

Kijana wetu aliufungua saa nne za usiku na kuufunga saa kumi na moja alfajiri. Saa saba. Ekari imemwagiwa mapipa zaidi ya 5,000, na mmea utaweza kutumia 700. Ukigawanya unapata asilimia 14. Hata kama udongo ulikuwa umekauka kabisa, udongo mzuri wa tifutifu hauwezi kushika ndani ya kina cha mizizi ya nyanya zaidi ya milimita 100 hivi; usiku ule ulimiminiwa 250. Ziada imekwenda wapi? Sehemu imefurika ikaingia njiani na kwenye mashimo. Sehemu kubwa imezama chini ya mizizi, na haikuzama peke yake. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, nayo ikishageuka kuwa naitreti huyeyuka na kufuata maji popote yaendapo. Baba amekopa fedha dukani kununua mbolea, na mwanawe ameisukuma kwa maji mpaka mahali ambapo mzizi hauifikii. Majani yakianza kuwa ya njano, wanasema ardhi imechoka, au mbolea ilikuwa ya magendo, au kuna mtu mwenye jicho baya. Mwenye kulifikiria jambo hili vizuri atasikitika sana, kwa maana bidii yenyewe ndiyo iliyoleta hasara.

Katika mwaka 2013 ulianza mradi ulioyagusa mambo haya papa hapa, katika skimu za Kiwere na Magozi, sambamba na skimu nyingine za Zimbabwe na Msumbiji. Uligharamiwa na Kituo cha Australia cha Utafiti wa Kilimo wa Kimataifa, ukaongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kwa upande wetu watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi walishika sehemu kubwa ya kazi. Awamu ya pili ilifuata kuanzia mwaka 2017. Wakulima walipewa vifaa viwili vilivyobuniwa na mwanasayansi Richard Stirzaker na wenzake. Kimoja kimeitwa kwa jina la kinyonga, Chameleon, kwa sababu hubadili rangi. Vipima unyevu vidogo hufukiwa kwa vina mbalimbali, na msomaji wake huwasha taa moja kwa kila kina: buluu ikiwa udongo umelowa, kijani ikiwa una unyevu wa kutosha, nyekundu ikiwa mmea umeanza kuhangaika. Kifaa hakisemi lita ngapi zimo. Kinasema mzizi unapata taabu kiasi gani kuyavuta maji. Kingine, FullStop, ni mfano wa faneli inayofukiwa ardhini. Maji yakifika kwenye kina hicho, alama hunyanyuka juu ya ardhi. Zaidi ya hayo, kifaa hicho hubakiza maji kidogo ambayo mkulima huweza kuyavuta kwa bomba la sindano na kuyapima kama yana naitreti.

Wakulima walichokiona kwenye taa zile kiliwashangaza. Siku waliyozoea kumwagilia ilifika, na taa ya chini bado ilikuwa ya buluu. Wachache walithubutu kuiruka zamu. Wakangoja mimea inyauke, isinyauke. Taarifa za utafiti zilizochapishwa baadaye zinaeleza kwamba wengi walipunguza mara za kumwagilia, na mavuno yao, badala ya kushuka, yakapanda, kwa kuwa mbolea ilibaki mahali pake. Zinaeleza pia jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko magunia: ugomvi wa zamu ulipungua, na watu wakapata muda. Usiku ukawa wa kulala. Mama aliyekuwa akishinda mferejini akapata nafasi ya biashara yake au ya watoto wake. Pamoja na vifaa kulikuwa na mikutano ya wakulima, wafanyabiashara na maofisa waliokaa pamoja kuzungumza habari za masoko, pembejeo na ada za maji, na bila mikutano hiyo nadhani taa zile zingebaki kuwa kitu cha kuonyesha wageni.

Kuna atakayesema: basi na vifundo vya miguu vimepitwa na wakati? Hasha. Wanazuoni wa kale walikwisha kuliona swali hili. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alieleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba kipimo kile hakikuwa cha kila ardhi na kila zama, kwa kuwa kinafuata haja. Na haja hutofautiana kwa ardhi, kwa mmea na kwa majira. Mpunga wa Pawaga hutaka maji yasimame jarubani. Nyanya ya Kiwere ikisimamishiwa maji mizizi yake hukosa hewa. Asili ya hukumu imebaki vile vile, kwamba wa juu ana kiwango, na kiwango kikitimia maji si yake tena. Taa ya buluu kwenye kina cha chini ndiyo kifundo cha mguu cha shamba la nyanya.

Wenye ndugu zao Oman wanajua kwamba jamii inaweza kuishi na kipimo cha maji kwa karne nyingi. Katika mifereji ya huko, aflaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia, maji hugawanywa kwa muda. Kipande kimoja, athar, ni takriban nusu saa. Mchana walikuwa wakikipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota zinazojulikana kwa majina. Zipo sehemu za maji zinazorithiwa, zinazouzwa, na zilizowekwa wakfu kwa msikiti. Hata hivyo, na hapa tunasema kwa tahadhari, muda peke yake haumwambii mtu kama mzizi umeshiba. Kalenga tayari inao muda. Kilichokosekana ni jicho la kuona chini ya udongo.

Mpaka hapa mambo yanaonekana mepesi: vifaa vipatikane, maji yaokolewe, kila mtu afurahi. Laiti yangekuwa hivyo. Hebu tupande hadi Usangu, mkoani Mbeya, kwenye mito inayokusanyika kuwa Ruaha Mkuu, maana huko somo lilikwisha kutolewa na gharama yake ilikuwa kubwa.

Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko walijazana kwenye madimbwi, na taifa zima likaanza kutafuta mkosaji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza ahadi kwamba mto huo utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulifika na mto haukuwa umeacha kukauka. Katikati ya hapo, kuanzia mwaka 2006, wafugaji waliamriwa waondoke Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Lakini utafiti mkubwa uliofanyika Usangu kati ya mwaka 1998 na 2002 ulikuwa umeonyesha kwamba sababu kuu ya mto kukauka kiangazi ni maji yanayochukuliwa na mabanio ya umwagiliaji katika miezi ambayo mto una maji kidogo. Ng'ombe hakuwa mkosaji mkuu. Vivyo hivyo, giza la mgao wa umeme lilipohusishwa na mpunga wa Usangu kuinyima maji Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204), wachunguzi walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu yake kubwa. Pasipo kipimo lawama humwangukia mnyonge, na mnyonge hana namna ya kujitetea.

Na mabanio yale yalitoka wapi? Hapa ndipo penye fundisho. Zamani wakulima wa Usangu walizuia mto kwa mawe, magogo na majani. Banio la namna hiyo huvuja, na kila masika hubomoka. Wataalamu na wafadhili walilitazama wakaona upotevu. Wakajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma, yakaitwa mabanio yaliyoboreshwa, na kwa nia njema kabisa. Lakini kule kuvuja kulikodharauliwa ndiko kulikokuwa kunampelekea maji mtu wa chini. Zege halivuji. Wa juu akaweza kuufunga mto wote mwezi wa Oktoba, na jirani yake akabaki na mchanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Uingereza, katika mradi mwingine ulioanza mwaka 2001, walieleza jambo hili kwa kina: maji yanayohesabiwa kuwa yamepotea katika shamba moja mara nyingi huibuka katika mfereji wa kutoa maji na kunywesha shamba la pili, na la tatu. Ukipima shamba moja peke yake utasema asilimia 14 au 20. Ukipima bonde zima unapata jibu jingine.

Basi je, kijana wetu wa saa saba hakupoteza kitu? Alipoteza. Mbolea haikurudi, usingizi haukurudi, na maji yaliyosimama njiani yakakauka kwa jua hayakumfaa yeyote. Yale yaliyozama chini huenda yataurudia mto wiki au miezi baadaye, mtu wa Magozi akiwa amekwisha kupoteza miche yake. Ila ni lazima kutofautisha kati ya maji yaliyotumika, yaliyochelewa na yaliyokwenda kwa jirani. Anayeyachanganya yote kwa jina moja la upotevu anaweza akamnyang'anya jirani kwa jina la kuokoa maji.

Vibali navyo vina kasoro ya aina hiyo hiyo. Usangu, katika miaka ya 1990, haki za maji ziliandikwa kwa lita kwa sekunde na zikatozwa ada. Lita za kwenye karatasi hazipungui mto unapopungua. Jumla ya zilizogawiwa ikazidi maji yaliyokuwamo mtoni kiangazi, na mkulima aliyelipa ada akajiona amenunua maji, kwa hiyo ana haki ya kuyachukua yote hata kama yaliyobaki ni hayo tu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeziweka jumuiya za watumiaji maji na bodi za mabonde. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko karibu, Iringa penyewe. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Vyombo vipo. Tunachokiona kinafaa ni kibali cha kiangazi kiandikwe kama sehemu ya mto, kwa mfano robo au thuluthi ya maji yaliyopo siku hiyo, ili mto ukipungua wote wapungukiwe pamoja. Hivyo ndivyo maji ya falaj yanavyopungua kwa wote ukame ukija: athar inabaki athar, lakini maji yaliyomo ndani yake yamekuwa membamba.

Sasa turejee Kiwere na zile zamu zilizorukwa, kwa maana swali gumu limebaki palepale. Mkulima akimwagilia mara moja badala ya mara mbili, nusu ile ya maji ni ya nani? Kuna majibu matatu, na kila moja lina watu wake. La kwanza: ni yake, aongeze ekari nyingine. La pili: ni ya wale wa mwisho wa mfereji katika skimu yake, ambao zamu zao zilikuwa zikifika kwa jina tu. La tatu: iachwe mtoni, iende Pawaga, iende Mtera, ifike hata bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Mwaka 2018 wataalamu kutoka nchi mbalimbali waliandika katika jarida la Science kwamba duniani kote jibu la kwanza ndilo linaloshinda. Mitambo ya kuokoa maji hununuliwa kwa fedha za umma, shamba hupanuliwa, na mto haupati kitu, wakati mwingine hupata pungufu ya zamani. Mmea ulioongezwa hutumia maji yote yasirudi, ambapo yale yaliyokuwa yakizama angalau baadhi yalikuwa yanarudi.

Sisi hatuoni aibu kusema kwamba jibu la pili litangulie, na la tatu lifuate. La kwanza lingoje. Wa mwisho wa mfereji alilipa ada ile ile na alichimba mfereji ule ule siku ya kazi ya pamoja. Tena yamo katika mafundisho tuliyolelewa nayo. Zubeir bin Awwam (R.A.), mtoto wa shangazi yake Mtume, aligombana na Answari mmoja kuhusu mfereji wa Harra, na amri ya kwanza aliyopewa Zubeir ilikuwa amwagilie kisha amwachie jirani, kwa upole, chini ya haki yake kamili. Answari alipodai kwamba umependelewa ujamaa ndipo Zubeir akaambiwa achukue haki yake yote mpaka kwenye ukingo wa shamba. Na watu walipoupima ukingo ule, kama ilivyopokewa katika Bukhari, wakaukuta ni sawa na vifundo vya miguu. Hata aliye na haki yote juu ya mto alikuwa na mahali pa kukomea.

Yapo mambo ya karibu ambayo hayangoji wafadhili. Chuma chenye alama za sentimita kikisimikwa banioni huonyesha kina cha maji, na kijana mmoja akikisoma kila asubuhi na jioni na kuandika daftarini, baada ya kiangazi kimoja tu skimu huwa na ushahidi wake yenyewe, badala ya kungoja kuambiwa na mtu wa nje kwamba wanaiba maji. Katika mavuno pia, tujifunze kuuliza kilo ngapi kwa kila mita moja ya ujazo ya maji, yaani kila mapipa matano. Uchambuzi wa tafiti nyingi za dunia uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta mahindi yakitoa kati ya kilo 1.1 na 2.7 kwa mita moja ya ujazo iliyotumiwa na shamba, na mpunga kati ya 0.6 na 1.6. Pengo hilo lililopo kati ya mkulima na mkulima wa zao moja ni kubwa kuliko ardhi mpya yoyote itakayogawiwa Kalenga. Wenye bustani za vinyungu mabondeni na wenye pampu za petroli kingoni mwa mto nao waingizwe katika hesabu; hawana mfereji wala zamu, na kwa sababu hiyo hakuna anayewauliza, ilhali mto unawajua.

Tukiwa kwenye pampu, tumpe msomaji faida ndogo inayoulizwa mara kwa mara. Zaka ya mazao ni sehemu ya kumi kwa yaliyonyweshwa na mvua, mto au chemchemi yenyewe, na nusu ya hiyo, yaani sehemu ya ishirini, kwa yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama ya kuyapandisha maji. Kwa hiyo mwenye mpunga wa mfereji unaoteremka wenyewe na mwenye mahindi ya pampu hawalingani. Ukiyatazama, utaona kwamba hata hapa namna maji yalivyofika shambani imepimwa na kutiwa katika hesabu.

Na nyumbani, kabla hatujamnyooshea kidole mkulima: imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho kwa hesabu ya madhehebu ya Shafii hakifiki lita moja. Wengi wetu mijini hufungua bomba la udhu likatiririka tangu kuosha viganja mpaka miguu. Msikiti unaoweza kuweka kopo la kupimia kando ya bomba utawafundisha watoto jambo ambalo baadaye, mmoja wao akirithi shamba Kiwere, halitamshangaza.

Kiangazi cha Ruaha Ndogo hukaza miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba. Umoja wa wamwagiliaji wa juu na ule wa Pawaga wangeweza kukutana mwezi wa Juni, mto ukiwa bado na maji ya kutosha na hasira zikiwa bado hazijapanda. Usangu watafiti waliwahi kuwakalisha wa juu na wa chini mbele ya ubao ulioinamishwa, gololi zikateremka kama maji na vijiti vikawekwa kama mabanio. Wa juu, walipobadilishana nafasi na kucheza kama watu wa chini, walizihesabu gololi zilizowafikia. Ubao wa namna hiyo seremala yeyote wa Kalenga anaweza kuuranda kwa siku moja. Uwekwe mezani katika mkutano huo, na kabla ya kufunga kikao katibu aandike katika muhtasari ni sehemu gani ya maji yatakayookolewa mwaka huu itaachwa ipite bila kuguswa, na ni nani atakayekisoma chuma cha bannioni kila asubuhi.

Wabillahi tawfiq.